Mume Amesema Tutoke

Ujumbe uliingia Jumamosi saa kumi jioni, nikiwa uani hapa Nkoma, Mbale, ninaanua nguo. Mume wangu alikuwa stoo ya kahawa, mjini. "Mama watoto, leo tutoke wawili. Nitakupitia baada ya magharibi." Hakutaja mahali wala sababu.

Kabla beseni la nguo halijafika ndani, kichwa changu kilikuwa kimeshafika mbali. Kwa nini leo? Ana habari gani isiyoweza kusemwa mbele ya watoto? Ada ya muhula haijakamilika, na yeye anazungumzia kutoka? Nivae dera au abaya? Nikijipamba halafu tukaishia kwa muuza chapati, nitaonekana nilitarajia makubwa. Nikivaa vya kawaida naye akanipeleka hotelini, nitamtia aibu. Watoto nimwachie nani, maana wifi yangu nimeshamsumbua juzi tu? Kule mlimani Wanale wingu limeanza kushuka, mvua ikitukuta njiani je? Na lile zito kuliko yote: tukikaa mezani wawili, bila watoto, bila televisheni, bila mgeni, tutazungumza nini?

Nimezungumza na walimu wenzangu kuhusu kuwaza huku, na karibu kila aliyeolewa anakujua. Mmoja aliniambia kwamba yeye akialikwa ghafla na mumewe hujibu "leo nimechoka", na kweli hujisikia amechoka, kwa sababu zile dakika za kuwaza zimeshamaliza nguvu zake zote. Wanaume nao hawajasalimika. Yupo mwalimu mwenzetu ambaye hubeba mfukoni fedha ya kumtoa mkewe mwezi mzima akitafuta jioni inayofaa, mpaka fedha yenyewe inaishia kwenye gesi na sabuni. Wawili wanapendana, wanaishi nyumba moja, hakuna anayewakataza, na bado saa mbili za kukaa pamoja zinawashinda. Jambo hili linaniuma, na naona linastahili kuelezwa vizuri.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja Mbale kusoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda, ambacho kilifunguliwa hapa mwaka 1988 na mpaka leo huleta vijana kutoka Tanzania, Kenya na mbali zaidi. Nikaolewa na Mgisu, nikabaki, na sasa nafundisha Kiswahili shule ya sekondari. Mume wangu ananunua kahawa. Arabika ya Bugisu huvunwa kwa wingi kuanzia kama Septemba hadi Februari, na miezi hiyo yeye huwa milimani, Bududa leo, Budadiri kesho, akikagua kahawa iliyomenywa na kuanikwa, akipima, akilipa, akirudi usiku na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akiingia nyumbani anakula, anaswali, analala. Msimu ukiisha ndipo tunaonana kwa mwanga wa jua.

Nalisema hili kwa sababu ndipo mzizi wa tatizo ulipo. Kitu kinachopatikana kwa nadra hupewa uzito mkubwa mno. Wanandoa wanaotoka pamoja mara kwa mara wakipata jioni mbaya, wanacheka na kungoja nyingine. Wale ambao jioni ya namna hiyo huwajia baada ya miezi wanaingia humo kama mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani wa mwisho: kila jibu lina alama, na matokeo yatasema kama ndoa ni nzima au imechakaa. Nani ataweza kula kwa raha katika hali hiyo? Mawazo yale yote kuhusu nguo, mvua na mahali yanatokana na hofu moja tu, kwamba jioni hii itatoa hukumu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Susan Nolen-Hoeksema, aliyefundisha Stanford na baadaye Yale mpaka alipofariki mwaka 2013, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza tabia ya kuwaza na kuwazua. Alikuwa amewahoji wanafunzi wa Stanford kuhusu hali zao za moyo na jinsi wanavyokabiliana na huzuni, kisha tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko kubwa likalipiga eneo lile la California. Akarudi kwa wanafunzi walewale. Waliokuwa na mazoea ya kulirudiarudia jambo vichwani bila kuchukua hatua walionekana wameelemewa zaidi na huzuni siku 10 baada ya tetemeko, na hata wiki 7 baadaye. Mtoko na mume si tetemeko, lakini ninachokichukua kwa mama huyu ni tofauti aliyoiona: kuna kuwaza kunakofika mahali, na kuna kuwaza kunakozunguka palepale na kumwacha mtu amechoka kuliko alivyoanza.

Sisi wa Mbale tuna njia ya kuiona tofauti hiyo kwa macho. Mji umelala chini ya jabali la Wanale, mkono wa magharibi wa Mlima Elgon. Karibu popote utakaposimama unaliona: ukuta mrefu wa mawe, michirizi myeupe ya maporomoko baada ya mvua, na minara ya mawasiliano kule juu. Mvua inaweza kunyesha Wanale huku mjini watu wanaanika mahindi, kisha maji yakashuka kwa mito ya Nabuyonga na Namatala yakiwa na mawe na magogo. Usiku wa kuamkia Jumapili, Julai 31, 2022, mito hiyo ilifurika. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba zikabomoka, magari yakasombwa, na mabomba ya maji ya mji yakakatika. Kila mmoja wetu ana mtu anayemjua aliyepoteza kitu au ndugu usiku ule, na baadhi ya waliofikwa walikuwa njiani.

Kwa hiyo mtu wa Mbale anayetazama Wanale kabla ya kutoka jioni hana wasiwasi wa bure. Ila tazama jinsi wazo lake linavyokwenda. Anainua macho. Kukiwa kweusi, anaamua kubaki upande huu wa mto, au kula barazani nyumbani. Kukiwa kweupe, anachukua mwavuli na kuondoka. Wazo limekwisha, limezaa hatua. Lakini swali la "tukikosa la kuzungumza je?" halina mlima wa kutazama. Hata ukikaa nalo tangu saa kumi mpaka magharibi, halitakupa jibu, kwa sababu jibu lake liko kwenye meza ambayo bado hamjaiketi. Mimi sasa ninapojikuta ndani ya mawazo ya namna hii najiuliza jambo moja: kuna cha kutazama au cha kufanya sasa hivi? Kama kipo, nakifanya. Kama hakipo, naenda kuoga.

Na kuoga kwenyewe ni hatua, msidharau.

Sasa tuje kwenye mazungumzo ambayo yamezima mitoko mingi kabla haijaanza. Mnayajua.

"Unataka twende wapi?"

"Popote tu, baba watoto."

"Sema wewe."

"Aa, wewe ndiye uliyesema tutoke."

Sisi tuliolelewa pwani tumefundishwa kwamba adabu ni kutotaja. Mgeni akiulizwa atakula nini husema chochote mlicho nacho; mke akiulizwa anataka nini husema unachoona wewe. Ni malezi mazuri kwa mgeni. Kwa mume aliyekwishachoka, aliyekagua kahawa ya watu tangu alfajiri, "popote" ni mzigo mwingine. Anaposikia neno hilo inambidi awaze kwa niaba ya watu wawili: anapenda nini huyu, ataridhika na nini, na kama hakuridhika atasema au atanyamaza? Mawazo yaliyokuwa kichwani mwangu yamehamia kichwani mwake. Mwaka 2020 watafiti Peggy Liu na Kate Min walichapisha uchunguzi kuhusu jambo hilihili. Waliona kwamba anayeulizwa mahali pa kwenda au chakula cha kula pamoja huficha anachopenda, akidhani anamrahisishia mwenzake na kumfurahisha. Aliyeuliza yeye angependelea atajiwe, kwa sababu kutotajiwa kunafanya uamuzi kuwa mgumu zaidi. Pande zote mbili zina nia njema na zinazuiana.

Niliposoma hilo nililieleza kwa mume wangu, naye akasema kwa Kiswahili chake chenye Kigisu ndani: "Mimi nilidhani unaposema popote, hutaki kwenda." Niliyasikia maneno hayo kwa uchungu. Kwa muda wote huo nilikuwa naonyesha heshima, naye alikuwa anapokea ubaridi.

Tanga, utotoni mwangu, hakuna aliyewaza namna hii kuhusu mtoko, na si kwa sababu watu wa zamani walikuwa na mapenzi rahisi. Ni kwa sababu pwani ina desturi ya kupunga upepo. Jioni, jua likishapoa, baba anasema "twende Raskazone," na mama anachukua mtandio. Hakuna swali la wapi, kwa maana ni Raskazone, baharini. Hakuna swali la chakula, kwa maana kipo kinachouzwa pale: mihogo ya kuchoma yenye chumvi na pilipili, madafu, karanga. Hakuna swali la nguo, maana kila mtu amekuja na alichovaa. Unguja wana Forodhani, ambapo bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009 na taa za wauza mishkaki, pweza na juisi ya miwa huwaka kila usiku. Mombasa wana Mama Ngina, na mihogo na viazi vya karai, na meli zikiingia Kilindini mbele ya macho yako. Mwenye fedha na asiye nazo wanakaa ukuta mmoja.

Nikiitazama desturi hiyo kwa macho ya leo naona hekima yake ilivyokaa. Mahali pameshaamuliwa na wazee waliotangulia, chakula kimeshaamuliwa na wauzaji, gharama inajulikana. Kilichobaki wazi ni lini, na hilo linaamuliwa na mtu yeyote atakayeinuka kwanza. Ughafla uko kwenye saa tu. Jioni inabaki nyepesi kwa sababu maamuzi mengine yote hayapo mezani. Nadhani wengi wetu tuliohamia miji ya mbali na bahari tumeacha desturi nyuma tukabeba hamu yake peke yake, na hamu bila desturi inatulazimu kubuni kila kitu upya kila jioni.

Wapo wataalamu waliolipima jambo la saa pia. Gabriela Tonietto na Selin Malkoc walichapisha mwaka 2016 tafiti 13 kuhusu starehe na ratiba. Katika mojawapo, wanafunzi waliokuwa wanajiandaa kwa mitihani walipewa kahawa na biskuti za bure wakati wa kupumzika. Baadhi walichagua saa maalumu ya kwenda kuzichukua. Wengine walipewa kipindi cha saa mbili waende watakapotaka. Waliokuwa na kipindi kipana walifurahia zaidi kuliko wale wa saa kamili, ingawa kahawa ni ileile. Starehe iliyofungwa kwenye dakika huanza kufanana na kazi. Lakini wote hao walikuwa na mpango, ni vile tu ukali wa mpango ulitofautiana. Hilo naliona limekaa vizuri sana kwetu, sisi ambao tunasema "baada ya magharibi" au "baada ya isha" na kila mtu anaelewa. Ulimwengu wa saa kamili haujatufikia kwenye mapenzi, na nisingependa utufikie.

Mimi na mume wangu tumepata kuliona hili Jinja. Ni kama kilomita 140 kutoka hapa kwa barabara ya Tirinyi, na ilikuwa kumbukumbu ya ndoa yetu, kwa hiyo tuliipanga wote wawili kwa bidii: saa fulani boti ya Chanzo cha Nile, saa fulani chakula cha mchana, saa fulani kuvuka lile daraja jipya la mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018. Kwenye boti, nahodha alituonyesha mahali maji yanapobubujika na kutueleza kwamba Maporomoko ya Ripon, ambayo Mwingereza Speke aliyaona mwaka 1862, yalizama bwawa la umeme la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954. Ni habari ya ajabu, maporomoko mazima kufunikwa na maji yaliyotulia, na mimi nilikuwa natazama saa ya mkononi kwa sababu ya chakula cha mchana.

Mahali pa chakula tulipopakusudia palikuwa pamejaa. Ratiba ikakatika. Tukajikuta tunatembea tu kwenye Main Street, barabara ya maduka ya zamani ya Wahindi, ambayo mengi bado yana majina ya wenyewe na miaka ya ujenzi imechongwa juu ya paa. Mume wangu akaanza kusoma majina kwa sauti na kukisia kila mmoja aliuza nini: huyu vitambaa, huyu misumari, huyu lazima alikuwa akinunua pamba. Mimi nampinga, yeye anatetea. Tulipita barabara ile kwenda na kurudi tukila sambusa za kwenye karatasi. Nikiikumbuka Jinja, ninaikumbuka barabara hiyo.

Basi tulichokifanya Mbale ni kujichagulia mahali petu, kama Tanga walivyo na Raskazone. Ni kwa mchomaji mmoja karibu na mzunguko wa Mnara wa Saa, mwenye meza tatu nje na jiko la mkaa lililotengenezwa kwa pipa lililopasuliwa. Anachoma kuku wa halali kwenye vijiti, na pembeni ya jiko, mahali moto umepungua, anapanga gonja, zile ndizi tamu zilizoiva. Anazigeuza kwa vidole, si kwa koleo. Gonja nzuri hupasuka kwa urefu na utamu wake hutoka na kuganda ukingoni kama rangi ya asali iliyoungua. Hiyo ndiyo unayoitaka, wala usikubali upewe iliyo ya manjano bado. Kachumbari ni ya kabichi na nyanya, chumvi iliyochanganywa na pilipili inakuja imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Tukifika anasema, "Mwalimu, karibu. Leo paja au kidari?" Hilo ndilo swali pekee tunalojibu usiku mzima. Mimi husema paja, kwa sauti, bila kumwangalia mume wangu kwanza.

Yale mengine yana utaratibu. Watoto wanabaki na wifi yangu, dada wa mume wangu, na wiki inayofuata wa kwake wanalala kwetu; tumeacha kuombana kama watu wanaokopa. Fedha iko kwenye kikopo cha kahawa juu ya kabati, kidogo kidogo, na hairuhusiwi kununua sabuni. Kuna vazi moja la kutokea ambalo limeshapigwa pasi. Mambo hayo yakishawekwa, mtu akiambiwa "tutoke" hana kazi kubwa ya kuwaza.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila mwaliko wa ghafla hauna jambo nyuma yake. Jumamosi ile ya ujumbe wa saa kumi lilikuwepo. Tulipokwisha kula, mume wangu alifuta mikono polepole akasema mama yake anazeeka peke yake kule juu ya mteremko, masika yanakuja, na yeye hapati usingizi akifikiria maporomoko ya udongo. Bududa si mbali, na mtu yeyote wa milima hii anakumbuka Nametsi, mwaka 2010, kijiji kilivyofunikwa na udongo, mamia ya watu wakapotea. Alitaka tumlete mama mkwe akae nasi, na hakuthubutu kuniambia ndani ya nyumba ambamo watoto wanasikiliza na mimi nina madaftari ya kusahihisha. Tukazungumza mpaka mchomaji akaanza kuzima moto. Hakuna hata moja kati ya yale niliyoyawaza uani lililokaribia jambo hilo. Wala nisingeweza kulijua kwa kuwaza, maana lilikuwa kichwani mwake, si changu.

Tangu hapo tumekubaliana kuhusu ujumbe. Kama hakuna neno, anaandika "ni kutoka tu". Kama lipo, anaandika "lipo la kuzungumza, si baya". Waume mnaosoma haya, hilo halina gharama na litawaokolea wake zenu jioni nzima. Nasi wake tuwafanyie vivyo hivyo tunapowaita wao, kwa kuwa mwanamume akiitwa na mkewe bila sababu huanza kuhesabu makosa yake ya mwezi mzima.

Ugumu mwingine unatoka nje. Mji wetu umekuwa jiji kwa sheria tangu Julai 2020, lakini macho yake ni ya kijiji. Mke na mume wa umri wetu wakikaa wawili mezani usiku, mpita njia atasimama asalimie na kuuliza, "Kuna nini? Wageni wako wapi?" Wapo wanaoamini kwamba kutoka wawili ni mambo ya wachumba, na kwamba mwenye watoto anayetumia fedha kwenye kuku wa kuchoma amewaibia watoto. Nalikataa hilo kwa moyo wangu wote. Sisi Waislamu tunasimuliwa kwamba Mtume, akiwa safarini na masahaba wake, aliwaambia watangulie mbele, kisha akamwambia mkewe, Bi Aisha, washindane mbio. Bi Aisha akashinda. Miaka ikapita, mwili wake ukaongezeka, katika safari nyingine wakashindana tena, na safari hii akashinda Mtume, akamwambia kwa kucheka kuwa hii ni malipo ya ile. Masahaba wametangulia mbele, na mtu anatafuta nafasi ya kukimbia na mkewe. Nani basi atuambie sisi kwamba tumekua mno?

Na mbio zile zina siri ambayo wataalamu wa leo wameigusa. Mwaka 2000 Arthur Aron na wenzake huko Marekani waliwachukua wanandoa, wengine wakapewa kazi ya kawaida ya kusukuma mpira polepole, wengine wakafungwa pamoja mkono kwa mkono na mguu kwa mguu, wakaambiwa watambae juu ya magodoro kuvuka kizuizi huku wakibeba mto bila kuushika kwa mikono. Ilichukua dakika 7 tu. Waliotambaa pamoja walitoka wakiuona uhusiano wao ni bora zaidi kuliko wenzao wa mpira. Kitu kipya chenye mchangamko kikifanywa na wawili huwarudisha karibu, hata kikiwa kidogo namna hiyo. Mahali petu kwa mchomaji panatosha siku nyingi. Siku nyingine, wingu likiwa mbali, tunashika barabara ya kupanda Wanale kwa miguu mpaka pale pumzi inapokatika, tunageuka. Mume wangu ni mtoto wa milima, ananiacha nyuma, ananingoja kwenye kona, na nikifika anaondoka tena kabla sijatua. Mimi wa pwani nampigia kelele njia nzima, na watoto wa pale wanatucheka.

Wifi yangu ndiye aliyeniletea hoja ya kuandika haya. Mumewe ni dereva wa lori la Malaba, anarudi bila taarifa, na kila akirudi akasema watoke, wifi alikuwa anatumia saa nzima mbele ya kabati na mwishowe wanakunywa chai nyumbani wakiwa wamenuniana. Alitukuta tumerudi usiku mmoja, akauliza huwa tunakwenda wapi, akashangaa kusikia ni palepale karibu kila mara. "Na hamchoki?" Nikamwambia tunachoka na mengine. Jumamosi hii watoto wake wanalala kwetu. Ameshaulizwa anataka wapi, na amejibu papo hapo: samaki wa kukaanga, Namakwekwe, kwa yule mama mwenye viazi.